Land Rover, Peugeot 404 au Volkswagen: gari gani la zamani uanze nalo kwenye karatasi?

Mpwa wangu ana miaka 13, na likizo ya Juni aliyokaa kwangu hapa Mbeya alikuja na wazo la kujenga gari la zamani kwa karatasi. Hakutaka kuprinti michoro ya mtu mwingine. Alitaka lake mwenyewe: alipime, alichore, alikate, likigoma alichore upya. Nikamwambia sawa, chagua gari. Akachagua Volkswagen, ile ya mgongo wa duara.

Nilinyamaza kidogo. Mimi pia nilianza na hiyohiyo, na boneti yangu ya kwanza ilitoka kama kofia iliyokaliwa na mtu mnene.

Ndiyo maana nimeamua kuyaweka magari matatu mezani, kwa sababu swali la "nianze na lipi?" ndilo linaloamua kama utamaliza au utaitupa kazi uvunguni. Nimechukua Land Rover za miaka ya 1950 hadi 1970, Peugeot 404 (wazee wetu walisema Pijo, basi), na hiyo Volkswagen (mafundi husema Foksi). Yote matatu yamepita kwenye barabara zetu, na mawili kati ya hayo bado unaweza kuyaona kwa macho ukizunguka kwenye gereji.

Karatasi inakubali nini

Karatasi hukubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiivingirisha iwe bomba, inakubali. Ukiifanya koni kama ya muuza karanga, inakubali. Ukitaka iwe kama mpira, ipinde huku na huku kwa pamoja, hapo inakataa: ama inaweka makunyanzi pembeni, ama inachanika katikati.

Chukua parachichi la Rungwe, lila, halafu jaribu kulilaza ganda lake mezani. Halitalala mpaka lipasuke. Sisi tunaifanya kazi hiyo kinyumenyume: tuna kitu kilicholala, tunatafuta ganda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari gani unalipenda, uliza bodi yake ni ganda la parachichi au ni koni ya karanga.

Land Rover

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Tena hapakuwa na fedha ya kutosha kwa zile mashine kubwa za kugandamiza bati kuwa maumbo ya duara. Wakachora gari la mabati yaliyonyooka, yanayokunjwa kwa mistari. Hawakuwa na habari na sisi watu wa karatasi, lakini hakuna gari lililotufaa zaidi.

Nilipotaka kuchora yangu sikutegemea picha. Nilikwenda gereji moja huku Mbeya ambako Land Rover 109 ya zamani imekaa juu ya mawe muda mrefu, nikiwa na futi ya kitambaa ya mke wangu na daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unapima ya nini, unataka kuinunua?"

"Hapana, nataka kuitengeneza ya karatasi."

Fundi bodi yule aliniangalia, akacheka, kisha akaacha alichokuwa anafanya. "Umechagua vizuri," akasema. "Landrova mlango wake naukunja kwa goti. Niletee Foksi yenye madigadi iliyobonyea, hapo ni nyundo, mfuko wa mchanga, na siku nzima."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu maumbo, lakini sijapata somo zuri kuliko hilo. Kile ambacho fundi bodi anakikunja kwa goti, karatasi itakikunja. Kile anachokipiga nyundo juu ya mchanga, karatasi itakulilia.

Sasa hesabu. Mimi natumia kipimo cha 1 kwa 25, maana ni rahisi kichwani: zidisha milimita za gari halisi kwa 4, gawa kwa 100. Namba ya kwanza kuishika ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kwa sababu vingine vyote vinaning'inia hapo. Jina 109 lenyewe ndilo umbali huo kwa inchi, yaani milimita 2,769, na kwenye karatasi ni kama 111. Ile fupi, 88, ni milimita 2,235, inakuwa 89 na kidogo. Upana wa zote mbili, kwa zile za kuanzia 1958, ni karibu milimita 1,680, kwenye karatasi 67. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo ubavu mzima wa 109 unakaa kwenye ukurasa mmoja na nafasi inabaki.

Kuna mtego mmoja tu. Tangu mwaka 1958 Land Rover zina bega: ubavu unatoka nje kidogo chini ya madirisha halafu unarudi. Wanaoanza huliacha bega hilo, na gari linatoka kama boksi la sabuni. Usiliache. Ni mpindo wa upande mmoja, unakwenda sambamba na urefu wa gari, na unaupata kwa kuvuta karatasi taratibu juu ya penseli ya duara. Ukitaka kurahisisha zaidi, chora ya kabla ya 1958, yenye ubavu ulionyooka. Angalia taa pia: za zamani ziko katikati karibu na shoo (ule wavu wa mbele), na zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukichanganya bega la mwaka fulani na taa za mwaka mwingine, mzee yeyote aliyewahi kuendesha atakwambia.

Peugeot 404

Hii ilitoka mwaka 1960, na mchoro wake ni wa Pininfarina wa Italia. Kwa Afrika Mashariki haihitaji utambulisho: ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Kwa hiyo kama unajenga gari la kuweka sebuleni ambako baba mkwe atakaa, 404 ina hadithi yake tayari.

Kwa karatasi iko katikati. Kwa mbali ni gari la pembe: ubavu mrefu ulionyooka, vipezi vidogo nyuma, buti iliyolala. Kwa karibu unagundua kwamba karibu hakuna bati lililolala kabisa. Paa limevimba kidogo, boneti vilevile. Uvimbe ni mdogo kiasi kwamba unaweza kudanganya, na udanganyifu huo ndio ufundi wenyewe. Mimi nalowesha mgongo wa karatasi kwa kidole chenye unyevu (unyevu, siyo maji), naiweka juu ya kiganja, halafu nasugua kwa mgongo wa kijiko nikizunguka kutoka katikati. Inavimba kidogo sana, na kidogo hicho kinatosha paa la 404. Hakitoshi Volkswagen hata ukisugua mpaka Krismasi.

Umbali wa magurudumu ni milimita 2,650, yaani 106 kwenye karatasi. Ugumu mkubwa uko usoni. Taa mbili za duara zimeingia kwenye kona ambako boneti, madigadi na shoo vinakutana, na kona hiyo mimi niliichora mara sita. Hapa ndipo 404 inapokufundisha zaidi ya Land Rover: unajifunza kugawa kona moja kuwa vipande vitatu na kuficha maungio pale ambapo gari halisi lina mstari wake, kama ukingo wa mlango au wa boneti. Maungio yanayolala juu ya mstari wa kweli hayaonekani. Yanayolala katikati ya bati yanaonekana kama kovu.

Shida nyingine ni vipimo. Kuipata 404 nzima huku kwetu ni bahati. Ukilazimika kutumia picha, usitumie iliyopigwa karibu, maana simu ikisogezwa inakuza pua na kupunguza mkia. Tafuta picha iliyopigwa kwa mbali, ubavu ukiwa umenyooka kabisa, na ulinganishe magurudumu: kama la mbele linaonekana kubwa kuliko la nyuma, achana nayo.

Volkswagen

Ni gari zuri. Zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, na sidhani kuna mtoto asiyeweza kuichora kwa mistari mitatu. Hapo ndipo linapodanganya. Mchoro wa mistari mitatu ni wa ubavuni tu. Ukilizunguka, kila bati ni ganda la parachichi: boneti, paa, kifuniko cha injini nyuma, na madigadi nne zinazosimama peke yake kama masufuria yaliyofunikwa. Kioo cha mbele cha zile za zamani angalau kimenyooka, na hapo unapumua.

Namna ya kulifanya ni kukata kila bati kuwa vipande vyembamba, kama fundi cherehani anavyopunguza kitambaa kifuani mwa gauni ili kikae. Boneti vipande 5, paa 5 au 7, kila madigadi angalau 4. Kila kipande kina kingo mbili za mviringo ambazo ni lazima zilingane na za jirani. Kosa la nusu milimita kwenye kila ukingo, mara vipande 5, na boneti haifiki kwenye kioo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu, na naona wengi wanalirudia. Nilipima mpindo kwa rula, kutoka ncha hadi ncha. Chukua robo ya duara yenye nusu kipenyo cha milimita 20, kama ilivyo sehemu ya mbele ya madigadi. Kwa rula, ncha hadi ncha ni milimita 28. Ukitembea juu ya mpindo wenyewe ni milimita 31. Milimita 3 zimepotea kwenye gari ambalo urefu wake wote kwa 1 kwa 25 ni 163. Siku hizi nalaza uzi wa kushonea juu ya mpindo kwenye mchoro, nauwekea alama kwa kalamu, naunyoosha, ndipo napima.

Mkono au kompyuta

Hapa sitazunguka. Land Rover ichore kwa mkono. Rula, kona mraba, penseli kali, karatasi ya mistari ya miraba. Utamaliza mchoro kabla jirani yako hajamaliza kujifunza kuzungusha umbo kwenye skrini, tena utalijua gari mpaka kwenye bawaba.

Volkswagen, kama umeng'ang'ania, nenda kwenye kompyuta. Blender ni ya bure na ina kiendelezi cha bure cha kukunjua umbo kuwa kurasa za kukata. Pepakura Designer ya Japani ni rahisi zaidi kwa kazi hiyo ya kukunjua, inatumia Windows, ila leseni yake inalipiwa. Tahadhari: kompyuta haijui uvivu wa vidole. Umbo lenye nyuso 2,000 linapendeza kwenye skrini, na litakupa ukurasa uliojaa pembetatu zenye ukubwa wa punje ya mchele. Punguza nyuso kwanza, ukunjue baadaye. 404 inaweza kwenda njia zote mbili. Mimi nilichora ubavu kwa mkono na uso kwa kompyuta.

Na ukienda kuprinti, kwenye kila ukurasa chora mstari wa milimita 100 pembeni. Nilipeleka kurasa zangu steshenari, kijana akabofya ile ya "ibane ikae kwenye ukurasa", na sikugundua. Magurudumu niliyotengeneza nyumbani kwa mkono yaligoma kuingia chini ya madigadi. Kupima mstari wangu: milimita 97. Sasa napima hapohapo kaunta kabla sijalipa.

Karatasi ipi kwa gari lipi

Manila ya gramu 200 hivi ndiyo watu wengi wanakimbilia, na kwa Land Rover iko sawa. Inasimama wima, mkunjo wake ni mkali. Lakini ikipindwa sana mgongo wake unapasuka na kuonyesha weupe, kwa hiyo pitisha kwanza kalamu ya wino iliyokwisha kwenye kila mstari wa kukunja, na kingo zilizokatwa zipake rangi kabla ya gundi.

Ile ninayoipenda zaidi ni khaki. Misitu ya misindano ya Sao Hill iko hapo Mufindi, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kinatengeneza karatasi hiyo ya kahawia ya mifuko na maboksi. Nyuzi za msindano ni ndefu, ndiyo maana khaki inavumilia kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi bila kupasuka, na inakubali kijiko kuliko manila. Ubaya wake ni ulegevu: ubavu mrefu wa 404 utayumba usipouwekea mbavu za boksi ndani. Na rangi, bila shaka. Ila Land Rover ya khaki isiyopakwa chochote inaonekana kama imeshuka kutoka Chunya mwezi wa Septemba, vumbi limeijaa hadi kwenye kioo. Sijawahi kuona rangi ya dukani inayoiga hivyo.

Khaki pia ndiyo tairi. Tairi la 109 lina kipenyo cha karibu milimita 800, hivyo kwenye karatasi ni 32. Kata utepe wenye upana wa tairi, uvingirishe juu ya kijiti cha mshikaki ukiupaka gundi nyeupe ya mbao kidogo kidogo, mpaka ufike milimita 32. Ukikauka unakuwa mgumu kama gogo, unaweza hata kuupiga msasa.

Karatasi yoyote utakayotumia, jua nyuzi zake zimelala wapi. Kata vipande viwili vyembamba vya urefu sawa, kimoja kwa urefu wa shiti na kingine kwa upana, vishike kwa ncha vikiwa vimelala hewani. Kinachoinama zaidi kimekatwa kwa kukatisha nyuzi. Mpindo unakaa vizuri pale nyuzi zinapokwenda sambamba na bomba unalotengeneza. Kwa bega la Land Rover, basi, nyuzi zifuate urefu wa gari. Kwa paa la Volkswagen, linaloinama kutoka kioo cha mbele kwenda nyuma, zilale kwa upana, kutoka ubavu hadi ubavu. Ukikosea hapa utalaumu gundi bure.

Jaribio ni la kuchafuliwa

Jenga la kwanza kwa karatasi nyeupe ya kawaida ya gramu 80, uishikize kwa selotepu, bila rangi, bila madirisha. Usilitunze. Mahali panapoachana, jaza kipande cha karatasi. Panapozidi, kata kwa mkasi hapohapo. Andika juu ya bodi kwa kalamu nyekundu: "+2", "huku inabana", "mlango umeenda juu". Kisha lipasue kwenye maungio, lilaze, na ulifuatishe. Mchoro wako wa pili tayari uko hapo.

Idadi ya majaribio ndiyo inayonipa picha halisi ya ugumu wa kila gari. Land Rover yangu ilikaa kwenye jaribio la pili. 404 ilichukua manne, mawili kati yake kwa ajili ya ule uso peke yake. Volkswagen nilifika la tisa. Kumbuka tu kwamba karatasi ya gramu 80 ni nyembamba kuliko manila. Boksi linaloingia ndani ya boksi, kama kiti ndani ya bodi, lipunguze unene wa manila mara mbili, yaani karibu nusu milimita, unapohama kutoka jaribio kwenda kazi yenyewe.

Uchague lipi basi

Kama hujawahi kuchora mfano wowote, au unafundisha darasa la watoto 30 wenye mkasi wa kugombania, chukua Land Rover 88 ya kabla ya 1958 au ile ya turubai nyuma. Turubai ni koni na bomba tupu, na wikendi mbili zinatosha.

Kama umeshajenga vitu viwili vitatu na mikono haitetemeki, nenda 404. Kati ya hizi tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu inakupa matatizo unayoweza kuyatatua. Ukiimaliza utaweza kuchora karibu gari lolote la miaka ya 1960.

Volkswagen ichague ukiwa na sababu: babu alikuwa nayo, au unataka kujifunza kompyuta, au ni mkaidi tu. Usiifanye wakati wa masika ukiwa Tukuyu. Hewa yenye unyevu inavimbisha karatasi kwenye upande unaokatisha nyuzi, na vipande vyembamba vya boneti vilivyolingana asubuhi havilingani jioni. Land Rover haina habari na unyevu huo.

Mpwa wangu niliyaeleza haya yote, nikamwonyesha hata 109 yangu ya khaki. Akaishika, akaisifu, akairudisha kabatini. Sasa yuko kwenye jaribio la nne la Volkswagen. Boneti ya vipande 5 imekaa, juzi usiku, na alikuja kuniamsha kunionyesha. Taa ya kushoto iko juu kuliko ya kulia kwa milimita 2, lakini hilo sijamwambia bado.